Namba Hii ni ya Nani

Nina namba kumi na sita za intaneti, na hata moja si yangu. Nimezikodi kwa kampuni moja ya Nairobi, kama mtu anavyokodi vyumba nyuma ya soko hapa Migori: unalala humo, unafagia, unatundika pazia, lakini mwenye nyumba ni mwingine. Wanaoishi ndani ya namba hizo ni wateja wangu. Kuna shule mbili za hapa mjini, duka la dawa za mifugo la Kehancha, chama cha wavuvi cha Mfangano na hospitali moja ya misheni kule Homa Bay. Barua pepe zao zote hupitia kwenye mashine zangu, katika chumba kidogo juu ya duka la saruji, na kwa miaka mingi hakuna mteja aliyejua wala kutaka kujua namba yake ni ipi. Ndivyo inavyotakiwa. Mteja akianza kuijua namba ya seva yake, jua mambo yameharibika.

Nitaeleza jambo moja tu la kazi yangu, halafu nitanyamaza kuhusu ufundi. Mashine yangu ikipeleka barua kwa mashine ya mtu mwingine, ile nyingine haifungui mlango hivi hivi. Inaitazama namba iliyopiga hodi, kisha inakwenda kuuliza: namba hii ni ya nani? Sisi mafundi tunaiita rivasi, kwa kuwa ni kuuliza kinyumenyume, kutoka kwenye namba kwenda kwenye jina. Jibu likilingana na jina ambalo barua imejitambulisha nalo, inapita. Lisipolingana, inarudishwa ilikotoka. Sasa sikia kinachonichoma roho. Swali lile haliletwi kwangu. Linapelekwa Nairobi kwa mwenye namba, na yeye ndiye anayewaambia watu mimi ni nani. Na katika siku ambazo nilimhitaji kuliko siku zote za maisha yangu, aliwaambia kwamba mimi ni kampuni ya kamari.

Ilikuwa hivi. Kampuni ile ilituhamisha kutoka namba zetu za zamani, ikatupa nyingine. Hawakutuuliza, walitujulisha tu. Namba hizo mpya zilikuwa zimekaliwa na kampuni ya kamari iliyojaza masanduku ya watu barua taka mpaka ikachukiwa dunia nzima, kisha ikafunga virago. Yenyewe iliondoka, lakini jina lake liliachwa pale pale, kila namba na jina la kamari, kama kibao cha duka ambacho mpangaji mpya amekikuta juu ya mlango. Niliwapigia wa Nairobi siku ile ile, nikaomba lifutwe. Nikaambiwa ombi langu limepokelewa, nikapewa tiketi ya malalamiko. Mwenye duka la Kehancha akaanza kunipigia akilalamika kwamba oda zake za chanjo zinarudi. Nilikereka, lakini kukereka si hasira. Hasira ilikuja na mama mkwe wangu.

Mama mkwe alizaliwa Mfangano, akaolewa karibu na Rodi Kopany, na kati ya sehemu hizo mbili alichuuza samaki mpaka magoti yakagoma. Alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Figo zikamwangusha, akalazwa katika hospitali ile ile ya misheni, mteja wangu. Baada ya muda daktari alimwita mke wangu pembeni akamwambia kwa upole kwamba kama kuna mtu wa mbali anayetaka kumwona mama, aje sasa. Mtu wa mbali alikuwa mmoja tu. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, kifungua mimba wa mama, ambaye analinda lango la ghala huko Ghuba, Uarabuni. Mama hakutaka mali wala maombi ya ziada. Alitaka kumwona mwanawe huyo akiwa bado anaweza kumtambua.

Pasipoti ya shemeji ilikuwa imefungiwa kabatini kwa mwajiri wake. Ruhusa ya dharura ilipatikana kwa njia moja peke yake: hospitali iandike, kwa barua pepe yake rasmi, moja kwa moja kwa ofisi ya wafanyakazi. Picha ya simu hawakuitaka. Barua iliyopitia kwa shemeji mwenyewe hawakuitaka. Hospitali ilipopiga simu, waliambiwa waandike. Shemeji alituambia jinsi bosi wake alivyomcheka usoni akisema Wakenya huwaua mama zao kila mwaka ili wapate likizo. Nikisema nilikuwa na hasira, naomba uanzie kuhesabu hapo.

Daktari aliandika siku ile ile, karani wa hospitali akaituma. Ikarudi. Karani akanipigia mimi kama fundi wao, akanieleza kuna barua ya mgonjwa fulani inayokataliwa, akanisomea jina la mgonjwa. Hakujua kwamba ananisomea jina la mama mkwe wangu. Nilifungua mashine nikaiona sababu imeandikwa wazi: mashine ya Ghuba imeuliza namba hii ni ya nani, ikajibiwa kamari, ikafunga mlango.

Nikapiga Nairobi. Na hapa lazima niseme kuhusu wale watoto wa dawati la huduma, kwa sababu hata leo nikisikia ule muziki wao wa kusubirisha mtu, nakata simu. Wana adabu. Hilo ndilo linaloudhi zaidi. Mtu angenitukana ningejua pa kumshika. Hawa wanakuita bosi, wanakushukuru kwa uvumilivu ambao huna, na kila ukipiga unaanza upya, jina lako, tiketi yako, tatizo lako, kana kwamba jana haikuwapo. Niliwaambia nataka neno moja libadilishwe. Sikutaka waya wala mtambo, nilitaka neno. Nikazungushwa mpaka basi, na mwishowe mmoja akaniambia tayari, wamebadilisha.

Niliuliza kwa mashine yangu: namba hii ni ya nani? Ikajibiwa jina la hospitali. Nilikaribia kucheza. Nikamwambia karani aitume tena, akaituma, ikarudi. Nikauliza tena: kamari. Nikauliza mara nyingine: hospitali. Nikafikiri nimeanza kuchanganyikiwa, nikaenda kunawa uso. Kumbe jibu lilikuwa jepesi hata la aibu. Kampuni ile ina mashine mbili za kujibu maswali ya namna hii, ili moja ikizimika nyingine iendelee. Walikuwa wameiambia moja, ya pili hawakuiambia. Ni kama ofisi yenye madirisha mawili, karani wa kwanza anakufahamu, wa pili anaapa hajawahi kukuona, na mashine ya Ghuba kila mara ilikuwa inaangukia dirisha la pili.

Nikapiga tena, nikamweleza kijana polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Akaangalia. Aliangalia dirisha lile la kwanza, ambalo ndilo wanaloangalia siku zote.

"Kwetu inaonekana sawa, bosi," akasema.

Nikamwomba aulize mashine ya pili. Akasema hana ruhusa ya kuigusa hiyo, atawapelekea wahandisi. Nikamwambia kuna mama anakufa. Akasema pole sana, bosi, kisha akaniuliza kama kuna jambo lingine lolote ambalo angeweza kunisaidia nalo siku hiyo. Haki ya Mungu, aliniuliza hivyo. Niliitazama simu kwanza, nikaiweka mezani taratibu kwa sababu ningeivunja.

Usidhani nilikaa tu nikisubiri Nairobi wanihurumie. Nina rafiki Kisumu mwenye mashine zake, nikamwomba tupitishie kwake. Barua ikapita, haikurudi, tukashangilia. Lakini ilifika kwa mlango ambao hospitali haijawahi kuutumia, kwa hiyo kule Ghuba ikatupwa kwenye takataka pamoja na matangazo ya dawa za nguvu. Shemeji alikwenda ofisini kuwasihi wachungulie huko. Wakamwambia barua halali haiendi kwenye takataka. Alirudishwa langoni kwake akasimame.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo wasio Wajaluo huenda wasilielewe. Mama wa mke wako, tunamwita maro, unamheshimu kwa kukaa mbali naye. Huingii chumba anacholala. Humwoni amelala. Hata mkono humpi ovyo. Si chuki, ni heshima, na kadiri unavyompenda ndivyo unavyozidi kujiweka mbali. Wodi ya hospitali ni nini kama si chumba cha kulala? Kwa hiyo kila nilipokwenda Homa Bay, nilisimama nje kwenye ubaraza, karibu na dirisha la kitanda chake, mgongo ukiwa upande wake, nikitazama nguo za wagonjwa zilizoanikwa uani. Mke wangu ndiye aliyeingia na kutoka na maneno. Mama anauliza barua imefika? Mwambie bado. Mama anasema Mungu akubariki kwa kuhangaika. Mwambie amina. Mimi ndiye niliyekuwa mmiliki wa mashine iliyomnyima mwanawe, na sikuweza hata kumtazama usoni nikamwambia sijalala kwenye kazi.

Siku ya Sabato hakuuliza. Alikuwa Msabato wa kweli, barua aliihesabu kuwa shughuli, na shughuli hungojea jua lizame. Mke wangu akatoka akaniambia kwamba mama ananyamaza tu, lakini kila mlango ukilia anageuza kichwa. Kule Nairobi nako wahandisi walikuwa wamepumzika, hawafanyi kazi Jumamosi. Mama alipumzika kwa ajili ya Mungu wake. Wale sijui walipumzika kwa ajili ya nani.

Siku moja katikati ya wiki iliyofuata, mke wangu alikuwa ameshuka kutafuta uji. Nilikuwa pale pale dirishani, mgongo ndani, uso nje. Nikasikia mama ananiita. Hakunipitishia neno kwa mtu yeyote, aliniita mimi, kwa Kijaluo, na ile sauti ya kuvusha barabara ilikuwa imebaki kidogo tu.

"Mkwe wangu, uko hapo?"

Nikasema niko, mama. Sikugeuka.

"Binti yangu ameniambia shida. Ati hao watu wakiuliza, hakuna anayejua jina."

Nikasema ndiyo, mama, ni kama hivyo.

"Basi wape langu. Mwambie huyo wa Nairobi aandike jina langu. Mimi najulikana. Kuanzia Mfangano mpaka Rodi, nani hanijui?"

 Ningeanza kumweleza dirisha la kwanza na la pili? Mwanamke huyu alikuwa amevunja heshima aliyoishika tangu siku nilipomwoa bintiye, akanisemesha kutoka kitandani, kwa kuwa alidhani ameona dawa ambayo sisi wenye kompyuta hatukuiona. Nilimwambia, "Nitawaambia, mama." Akasema sawa. Mke wangu aliporudi na uji alinikuta nimeshika nondo za dirisha, akaniuliza kuna nini, nikasema jua kali.

Nilishuka mpaka langoni nikapiga Nairobi nikiwa nimesimama barabarani, na sitaandika niliyoyasema kwa sababu watoto wangu wanajua kusoma. Mwuza mahindi aliyekuwa karibu alihamisha jiko lake. Yule wa kwenye simu alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu ile ile, akasema ameongeza maelezo yangu kwenye tiketi.

Mama alifariki asubuhi, siku chache baadaye. Mke wangu alikuwa naye. Mimi nilikuwa Migori nikikimbizana na mashine hizo hizo, na habari ilinifikia kwa simu, kilio kwanza halafu maneno. Nilikaa kwenye kiti. Nilikuwa bado nimekaa nilipoona kwenye kioo cha kompyuta barua mpya ikitoka hospitali kwenda Ghuba. Karani alikuwa ameandika bila kuniuliza, kwa anwani ile ile, kuwajulisha kwamba mgonjwa amefariki na familia inamwomba mwanawe aje kuzika.

Nikaingojea irudi. Nilikuwa nimeshazoea, nilijua hata inachukua muda gani. Haikurudi. Nikauliza dirisha la kwanza: namba hii ni ya nani? Hospitali. Nikauliza la pili: hospitali. Nikauliza tena na tena mpaka vidole vikachoka. Hospitali, hospitali, hospitali. Nikapiga Nairobi, sauti yangu mwenyewe siijui, nikauliza ni nani ametengeneza na lini. Kijana akapekua, akasema hakuna aliyeshughulikia tiketi yangu, bado iko wazi. Ila asubuhi hiyo ile mashine ya pili ilizimwa na kuwashwa kwa sababu ya mteja mwingine, labda ilipoamka ndipo ikachukua majina mapya. Akanipongeza. Alisema, hongera, bosi, kwa hiyo sasa tunaweza kuifunga tiketi.

Barua ya kwamba mama anamwita mwanawe ilirudishwa kila ilipotumwa. Barua ya kwamba mama hayupo ilipita mara moja, na kabla ya jioni shemeji alikuwa amepewa pasipoti yake.

Alifika akiwa na begi moja na koti la kampuni. Hakusalimia mtu. Alipita katikati yetu akilia kwa sauti mpaka kwenye jeneza, na watu wakampisha. Mimi nilikuwa mbali, upande wa wakwe, na ng'ombe tuliyekuja naye, kama inavyotakiwa. Sikumwona maro akiwa amelala hata siku hiyo. Baada ya udongo, watu walipokuwa wakila, shemeji alikuja pale nilipoketi akavuta kiti.  Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, bila lawama, kitu ambacho afadhali angekiuliza kwa ngumi.

"Shemeji, ile ya kwanza ilikwama wapi?"

Nikamwambia waliuliza sisi ni akina nani, wakajibiwa jina la watu wengine. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, na nilijua hakuelewa, kwa sababu ni jambo lisiloeleweka. Akasema yeye alikuwa amesimama langoni siku hizo zote akiwauliza watu majina kabla ya kuwafungulia. Hiyo ndiyo kazi yake. Kisha akainuka akaenda kuwasalimia wazee.

Baada ya matanga nilikwenda Nairobi mwenyewe. Nilikaa kwenye mapokezi yao yenye maua ya plastiki mpaka wakachoka kuniona. Nikawaambia sitaki tena wanijibie. Yapo mapatano ya kiufundi ambayo kwayo mwenye namba anaweza kumwachia mpangaji haki ya kuzipa majina mwenyewe, na ingawa namba zetu ni chache na ni kazi yenye usumbufu kidogo kwao, inawezekana, imekuwa ikiwezekana siku zote. Walinipa ili niondoke. Tangu siku hiyo, mtu yeyote duniani akiuliza namba zile ni za nani, swali linaletwa Migori, juu ya duka la saruji, na mimi ndiye ninayejibu.

Nilifuta kamari yote usiku mmoja. Nikaandika shule, nikaandika duka la Kehancha, wavuvi wa Mfangano, hospitali. Ikabaki namba moja isiyo na mteja. Nikaiandikia jina la mama mkwe wangu, majina yake yote matatu, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kitambulisho. Dirisha la kwanza linamjua, la pili linamjua. Sikumwambia mke wangu mpaka alipoliona mwenyewe kwenye kioo, na alipoliona alivuta kiti akakaa karibu nami.

Juzi kampuni ile ilinipigia. Ilikuwa sauti ya kijana mpya, mwenye adabu. Alisema wanasafisha kumbukumbu zao na wameona kati ya namba zangu kuna moja ambayo rivasi yake inataja jina la mtu. Si jina la mashine, bosi, ni la mtu, na utaratibu hauruhusu. Akaomba niliondoe.

Nikamwambia afungue tiketi, na asubiri. Nikamshukuru kwa uvumilivu wake.

"Kwetu," nikamwambia, "linaonekana sawa."